Tasnifu Hii ni ya Nani?

Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Walikula mahindi waliyoyalima, kuyavuna na kuyahifadhi wenyewe. Wakati huo sayansi ya sumukuvu ilikuwa imekwisha kutimiza zaidi ya nusu karne: ilianza mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Jirani zetu nao walikuwa wamekwisha kufikwa na msiba huo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilikuwa na maabara, vilikuwa na maprofesa wa sayansi ya chakula, vilikuwa na rafu za tasnifu kuhusu uhifadhi wa nafaka. Maarifa yalikuwapo miaka yote hiyo, na kihenge kikabaki kilivyokuwa.

Ndiyo maana kila nisikiapo mipango ya kurekebisha vyuo vikuu ili viendane na soko la ajira, napata wasiwasi kwamba tunaanzia pasipostahili. Tunazungumzia mitaala, ujasiriamali, mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini maarifa mapya ya chuo kikuu huzalishwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na wasimamizi wao, na huko ndiko uhusiano wa utafiti na maisha ya watu unakofungwa au kukatika. Mtu anapotunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya mahindi ya kijiji fulani, kijiji kile kina haki gani juu ya tasnifu ile? Naamini kina haki, na haki hiyo iandikwe katika kanuni za shahada, isiachiwe wema wa mtafiti.

Wapo wanaopinga, na hoja zao ni nzito. Hoja za pande zote nimezipa sauti nne: Mkulima, mama wa kikundi cha wanawake wilayani Kongwa; Bibi Shamba, afisa ugani wa kata; Mtahiniwa, dada anayeandika tasnifu ya uzamivu katika chuo cha kilimo; na Profesa mstaafu wa sayansi ya jamii. Sauti nimezitunga mimi. Hoja zinasemwa kila siku na watu wa aina hizo, na nimejitahidi kila mmoja aseme kwa nguvu zake zote.

Mkulima: Nianze mimi, kwa kuwa ndimi ninayeulizwa. Wanakuja wakiongozwa na mtendaji wa kijiji, wanakaa kwenye kigoda, wanafungua dodoso. Nina watoto wangapi, nyumba yangu ina bati au ni tembe, navuna magunia mangapi. Najibu, maana mgeni hajibiwi kwa ukali. Kuna waliochukua mahindi kwenye mfuko mdogo wakasema yanakwenda kupimwa maabara. Sikusikia tena habari zao. Na yale mahindi ndiyo tuliyokuwa tukila. Kama yalikuwa na sumu, wao walijua, mimi nikaendelea kusonga ugali.

Profesa: Pole, mama. Hilo ni kosa la maadili, tena kubwa. Lakini halihitaji tubomoe chuo kikuu ili lirekebishwe. Maadili ya utafiti yapo, kamati zake zipo, na Tume ya Sayansi na Teknolojia hutoa vibali kwa masharti. Tuwabane watafiti wafuate yaliyoandikwa.

Mtahiniwa: Shikamoo Profesa. Naomba nieleze yanavyofuatwa. Fomu ya ridhaa inasomwa, mama anatia saini au dole gumba, kamati inaridhika. Majibu ya maabara yanatoka miezi kadhaa baadaye, fedha za fildi zimekwisha. Kwenye bajeti yangu kuna mstari wa ukusanyaji wa data, mstari wa uchambuzi, mstari wa kuchapa na kufunga tasnifu kwa jalada gumu. Mstari wa mrejesho haupo, kwa sababu hakuna kanuni ya shahada inayouhitaji. Msimamizi wangu ni mtu mwema, lakini ananihimiza makala itoke kwenye jarida, kwa kuwa makala inahesabiwa kwangu na kwake. Nikirudi Kongwa kumwambia mama majibu ya mahindi yake, nimefanya jambo jema ambalo halimo kwenye fomu yoyote ya maendeleo yangu.

Bibi Shamba: Na mimi niko kata ileile mwaka mzima, simu ninayo, pikipiki ninayo mafuta yakipatikana. Mngeleta majibu kwangu ningeyafikisha. Ila kuna jambo linalotangulia mrejesho. Hakuna aliyewahi kuniuliza kata hii inasumbuliwa na nini kabla hajaandika pendekezo lake la utafiti. Swali linafika limeshaiva. Kila anayekuja anataka kupima uelewa wa wakulima kuhusu sumukuvu. Uelewa! Hakuna mtu hapa asiyejua mahindi mabovu. Linalonishinda ni hili: mahindi mabovu yakishachambuliwa, yaende wapi? Mengine yanakwenda kwenye pombe, mengine kwa kuku, mengine anauziwa mtu wa mashine kwa bei ya chini. Mwaka wa njaa hakuna anayemwaga chakula. Nileteeni mtu wa uzamivu akae na swali hilo miaka mitatu.

Hapa naingilia, kwa sababu kuna dharau moja iliyojificha katika mjadala huu kila unapofanyika. Tunadhani maswali yanayotoka shambani ni mepesi, ya kutekeleza tu yanayojulikana, na maswali mazito huzaliwa maktaba. Hebu lipime swali la Bibi Shamba. Sumukuvu haiishi kwa kupika ugali. Ng'ombe akilishwa nafaka yenye sumu, sehemu ya sumu hiyo hutokea kwenye maziwa kwa umbo jingine. Kiasi gani hubaki kwenye togwa, kwenye pombe, kwenye yai la kuku aliyelishwa makapi? Kaya yenye magunia manne itakubali kupoteza nusu gunia kwa masharti gani, na nani katika kaya huamua? Mwenye mashine ya kusaga anauza pumba kwa nani? Humo mna kemia, mna lishe, mna uchumi wa kaya, mna suala la mamlaka ya mwanamke ndani ya nyumba. Shahada kadhaa za uzamivu zinaenea ndani ya sentensi moja ya afisa ugani.

Profesa: Sikatai uzito wa swali. Nahofia mlango tunaoufungua. Nyie vijana hamkuuona mlango huu ulipofunguliwa mara ya kwanza. Miaka ya 1980 na 1990, mishahara ilipoporomoka, wahadhiri wengi waligeukia kazi za ushauri wa kitaalamu ili wasomeshe watoto wao. Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima mwaka 2007 kuhusu Makerere ilivyoingia sokoni. Huko kwenye ushauri utafiti na utekelezaji vilishikana mikono kweli kweli: shirika linaleta swali, linaleta fedha, linaleta tarehe ya mwisho. Ripoti inakabidhiwa, posho inalipwa, hakuna msomi mwenzako aliyeipinga hata aya moja. Mamdani alipokabidhiwa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, mwaka 2012 walianzisha uzamivu wa miaka mitano wenye masomo mazito ya nadharia, ili kumtoa mwanafunzi katika hali ya mkusanya data wa watu wengine. Niliona ni uamuzi wa kishujaa. Sasa mnataka kunirudisha kwa mteja?

Mtahiniwa: Profesa, mwenye swali katika kazi za ushauri alikuwa mfadhili. Mama huyu hakuwa mteja wa mtu. Alikuwa dodoso namba fulani kwa mshauri, na ni dodoso namba fulani kwangu. Tofauti ni kwamba mshauri alilipwa kwa siku na mimi napewa shahada.

Profesa: Umesema vyema, mwanangu. Lakini chukua korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walifanya kazi ya kuheshimika juu ya ugonjwa wa ubwiri unga, na salfa ikaokoa mikorosho mingi. Lakini ugonjwa ulikuwa sababu moja tu. Kulikuwa na bei ndogo ya mkulima, na kulikuwa na operesheni ya vijiji iliyowahamisha watu mbali na mashamba yao, mikorosho ikamezwa na vichaka. Mtafiti akienda kumsikiliza mkulima peke yake, ataambiwa leteni dawa. Ili uone sera, bei ya dunia na historia ya ardhi kwa pamoja, unahitaji mtu aliyesoma sana, aliyekaa mbali kidogo.

Mkulima: Mzee wangu, samahani. Mkulima wa korosho hakujua kwamba amehamishwa mbali na mikorosho yake? Alijua kuliko wote. Hakuulizwa. Dodoso lilikuwa na swali la ugonjwa.

Nimeliandika jibu hilo na nikakaa nalo muda mrefu, kwa sababu naona limebeba jambo ambalo Profesa analitafuta kwa njia nyingine. Umbali wa msomi una thamani. Unaleta takwimu za miaka 20, unaleta mlinganisho na nchi nyingine, unaleta ujasiri wa kusema operesheni ya serikali ilikosea. Lakini umbali huo hauna macho pasipo mtu aliyekuwapo. Aliyehamishwa anajua kilichotokea. Msomi anajua kilitokea kwa wangapi na kwa nini. Tasnifu nzuri inawahitaji wote wawili tangu siku swali linapoandikwa, na utaratibu wetu wa sasa unamwita mmoja wao swali likiwa limekwisha kupitishwa na idara.

Profesa: Basi nami niseme kitu kwa faida yenu, kisije kikaonekana nawapinga kwa kuwa nimezeeka. Kizazi changu kiliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974. Ukimaliza kidato cha sita unakwenda jeshi la kujenga taifa, kisha unafanya kazi, kisha mahali pa kazi wanakupendekeza ndipo unaingia chuo. Darasani kwetu kulikuwa na watu waliowahi kufundisha, kukagua ushirika, kuuguza. Mhadhiri akisema jambo lisiloshika anaulizwa hapo hapo. Sikuwahi kufundisha darasa kama lile nililosoma.

Bibi Shamba: Kwa nini Azimio hilo liliachwa?

Profesa: Wanawake walipungua chuoni kwa kasi, kwa kuwa miaka ya kusubiri iliwakuta na ndoa na watoto, ikabidi wasamehewe sharti hilo. Nafasi za sayansi hazikujaa. Na mapendekezo ya mahali pa kazi, ya chama hasa, yalimpa mkubwa wa kazi kisu mkononi. Mtu mwenye ulimi mkali hakupendekezwa. Kwa hiyo ninaposikia mnataka mtu wa nje awe na sauti katika shahada, nakumbuka kisu kile.

Mtahiniwa: Hilo ndilo ninalolipendekeza hasa. Katika jopo la utetezi wa tasnifu kuna mtahini wa ndani, mtahini wa nje, mwenyekiti. Aongezwe mtu mmoja anayefanya kazi ambayo tasnifu inaizungumzia. Kama tasnifu ni ya uzazi salama, awe mkunga. Kama ni ya maji, awe fundi au mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji. Awe na kura.

Profesa: Na tasnifu ikionyesha kwamba halmashauri imekula fedha za maji? Atachaguliwa nani kukaa kwenye kiti hicho, na nani atamchagua? Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa hapa kwetu hata ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazokinzana na za serikali. Mwaka uliofuata kifungu kile kikaondolewa, tukashukuru. Lakini tuliona ilivyo rahisi. Ukimpa kura mtu ambaye mkurugenzi wa halmashauri anaweza kumhamisha kesho asubuhi, umempa kura mkurugenzi.

Bibi Shamba: Hapo Profesa amenigusa mimi mwenyewe. Mimi ni mtumishi wa halmashauri. Nikiletewa tasnifu inayosema ofisi yetu haikufika vijijini, nitainua mkono kuipitisha? Nitataka kuinua. Sijui kama nitalala usingizi.

Hoja ya Profesa ni ya kweli na mtu yeyote anayeipuuza hajaishi kwetu. Kwa upande wangu imenifanya nipunguze ninachodai, nisikiache. Kura ya mtu wa kazi isiwe juu ya ukweli wa matokeo wala ubora wa mbinu. Hayo ni ya watahini waliosomea. Iwe juu ya mambo mawili: je, waliotafitiwa walishirikishwa katika kuunda swali, na je, wamerudishiwa majibu kwa lugha na namna wanayoielewa? Mambo hayo yanathibitishika. Kuna mkutano uliofanyika au haukufanyika, kuna karatasi iliyofika ofisi ya kata au haikufika. Halmashauri isiyopenda matokeo haiwezi kuizuia tasnifu kwa kisingizio hicho. Na anayepiga kura achaguliwe na kikundi kilichotafitiwa, asiteuliwe na ofisi ya wilaya. Profesa hakukubali hata hivyo. Anasema kura ya nje ni kura ya nje. Tumeachana hapo.

Kuhusu lugha na namna, Bibi Shamba ana la kufundisha.

Bibi Shamba: Vitabu vyenu vinasema mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13. Asilimia 13 haionekani kwa macho, na kipima unyevu sina. Tunachofanya ni hiki. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi, unatia chumvi kavu, unafunika, unatikisa dakika chache, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Kina mama wanaijua njia hii, na chupa haikosekani.

Mtahiniwa: Lakini dada, chumvi hutambua unyevu ukiwa juu ya asilimia 15 hivi. Kati ya 15 na 13 chumvi haisemi kitu, na ukungu bado unaweza kuota.

Bibi Shamba: Unaona sasa! Miaka yote sikuambiwa. Basi hilo ndilo la kutafiti: siku ngapi zaidi za jua juu ya turubai baada ya chumvi kuacha kuganda, kwa mahindi ya huku kwetu, kwa mwezi wa sita? Nipe jibu hilo kwenye karatasi moja ya Kiswahili, nitaibandika ofisi ya kata na kuisoma kanisani na msikitini.

Sijui ushahidi bora zaidi wa ninachokitetea. Katika dakika mbili za mazungumzo limezaliwa swali la utafiti lenye mipaka, linalopimika, ambalo mwanasayansi hakulijua kwa kuwa hakuwahi kusikia habari ya chupa, na afisa ugani hakulijua kwa kuwa hakuwahi kuambiwa mpaka wa chumvi. Na si jambo dogo kiuchumi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kulegeza na kuweka masharti ya vyeti. Sumu ilipimwa mpakani, mali ikiwa imeshapakiwa kwenye malori, wakati mahali pa kuizuia ni uani, siku ya kuanika.

Wanaosema uhusiano wa namna hii ni ndoto waitazame maabara ya utafiti wa afya ya Ifakara. Ilianzishwa miaka ya 1950 na Mswisi Rudolf Geigy, na haikuhama. Nusu ya pili ya miaka ya 1990, majaribio ya Gambia, Ghana na Kenya yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa watoto. Swali lililobaki lilikuwa la watu: kaya maskini za Kilombero na Ulanga zitanunua chandarua, zitakitumia, zitakirudishia dawa? Watafiti walianza kwa kuwasikiliza wakazi, vyandarua vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu, jina ambalo halihitaji maelezo kwa mnunuzi. Mwaka 2001 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet: vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 taifa likaanza mpango wa Hati Punguzo kwa wajawazito. Ndani ya kazi ile Watanzania walipata shahada zao za uzamivu. Jarida kubwa la kimataifa na chandarua kitandani kwa mtoto vilitoka katika kazi moja.

Profesa: Mfano mzuri, nao unanisaidia mimi. Ifakara ilikuwa na fedha za Waswisi kwa miongo. Baadhi ya shahada hizo zilitolewa Basel. Na haikuwa idara ya chuo kikuu yenye mhadhiri mmoja anayefundisha wanafunzi mia tano.

Mtahiniwa: Kweli kabisa. Lakini jambo ambalo fedha zilinunua ni muda wa kukaa mahali pamoja. Je, idara yetu haiwezi kuchagua wilaya moja ikaishikilia miaka 20? Badala ya kila mwanafunzi kwenda anakotaka, kumi tufuatane pale pale, wa pili aanze alipoishia wa kwanza. Chuo cha Sokoine kiliwahi kushirikiana na watu wa Mgeta, milimani Uluguru, juu ya mbuzi wa maziwa waliotoka Norwei, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mbuzi wale wakawa sehemu ya maisha ya watu. Tulijua njia hiyo kabla ya kuagizwa na mradi wowote.

Profesa: Tuliijua mapema kuliko hapo. Nusu ya pili ya miaka ya 1970, magharibi mwa Bagamoyo, kulikuwa na mradi wa Jipemoyo. Marja-Liisa Swantz na watafiti wa Kifini na Kitanzania walikaa na wakulima na wafugaji, wakakataa kuwafanya vitu vya kutazamwa. Na utafiti shirikishi, huu ambao sasa unafundishwa dunia nzima, sehemu ya mizizi yake iko Dar es Salaam ya miaka ile. Niliumia baadaye nilipowaona wanafunzi wetu wakijifunza kwa vitabu vya ng'ambo kana kwamba umezaliwa huko.

Hapo Profesa na Mtahiniwa wamekutana bila kukusudia, na sitaki kulipita jambo hili haraka. Hatukosi wazo, wala hatuhitaji kuliazima. Tumekosa kanuni inayolilinda wazo lisife mradi unapokwisha. Jipemoyo ulikuwa mradi. Miradi huisha. Kanuni za shahada hubaki.

Na ukitaka kujua chuo kinathamini nini, tazama kinachomlipa mhadhiri. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha katika majarida makubwa ya sayansi. Nafurahi kwamba taifa linamtuza mtafiti wake. Kwa miaka mingi aliachwa peke yake. Lakini mhadhiri aliyepunguza sumukuvu katika kata tatu hana tuzo inayolingana na hiyo, na kamati ya kupandisha vyeo itampa uzito mdogo kuliko mwenzake mwenye makala mbili. Vivyo hivyo mradi mkubwa wa elimu ya juu wa HEET, wenye mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia tangu 2021, umevisukuma vyuo kuhuisha mitaala na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwanda. Ni hatua njema. Ila katika nchi ambayo watu wengi wanaishi kwa jembe, kiti cha mkulima mdogo katika kamati hizo kiko wapi?

Mkulima: Mimi sitaki kiti Dodoma mjini. Nataka yule aliyechukua mahindi yangu arudi, au amtume mtu. Akija na majibu mabaya pia aje. Tutajua la kufanya.

Mtahiniwa: Nitakuja, mama. Lakini nitakuja kwa nauli yangu, na yule atakayefuata baada yangu huenda asiwe na nauli.

Kwa hiyo nawageukia wajumbe wa seneti za vyuo vikuu, kwa kuwa kanuni za shahada za juu ziko mikononi mwenu. Andikeni kwamba pendekezo la uzamivu linalohusu jamii halitapitishwa pasipo maelezo ya nani katika jamii hiyo alishauriwa juu ya swali lenyewe. Andikeni kwamba bajeti isiyo na fungu la mrejesho itarudishwa kwa mwanafunzi na msimamizi wake. Andikeni kwamba tasnifu haitapelekwa kwenye utetezi kabla muhtasari wa Kiswahili haujafika mahali ulipofanyika utafiti, na kwamba kazi hiyo itahesabiwa kwa msimamizi anapoomba kupanda cheo. Kuhusu kura ya mtu wa kazi, endeleeni kubishana na Profesa. Hofu yake inastahili majibu mazuri kuliko niliyoyatoa hapa. Hayo mengine matatu hayahitaji mkopo wala sheria mpya ya Bunge. Yanahitaji nauli, siku chache za mwanafunzi kijijini, na kikao kimoja cha seneti chenye nia.